Brashi ya Waya na Jicho la Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sijisifu kwa hilo. Wenzangu wa Bariadi walikuwa wakinitania kwamba siku nikifa hawatahangaika na jeneza, watachimba pale pale nilipokaa. Mwanza nilifika mara moja nikarudi na homa. Maswa nilipita nikiwa nimesinzia. Kwa hiyo kinu cha pamba cha ushirika kiliponyamaza, soko huria lilipoleta wanunuzi binafsi na malori yao, na sisi makarani tukaambiwa tukapumzike, nilihuzunika mbele za watu kama inavyotakiwa. Nilipofika nyumbani nikavua viatu, nikafurahi.

Furaha ile haikumaliza mwezi. Ilibidi nitafute kazi, na masharti yangu yalikuwa mawili: nisitoke nje ya ua wangu, na nisilime. Soko huria likanisaidia. Miaka ile maduka yetu, ambayo zamani yaliuza sabuni ya foleni na viberiti, yalijaa vitu ghafla: redio za plastiki, saa zinazoimba, na mashine ambazo hata muuzaji hakujua zinafanya nini. Nikanunua jenereta ndogo na grinda ya mkono, nikaweka kibao kwenye ua wa minyaa: TUNASAFISHA PLAU.

Kazi hiyo ilikuwa na maana. Udongo wetu wa mbuga, ule mweusi, unanata. Plau ikishika kutu, udongo unaganda kwenye ubapa, ng'ombe wanavuta mzigo badala ya kulima, na mkulima anasimama kila hatua kumi kukwangua kwa kijiti. Plau ikisuguliwa mpaka ing'ae, udongo unateleza wenyewe. Watu wa Sapiwi na hata Mwamapalala walianza kuniletea plau zao kabla ya mvua za kwanza. Nikawa fundi. Mke wangu alicheka siku nzima.

Ndani ya boksi la grinda kulikuwa na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza. Mimi nina kidato cha nne, na kwetu wakati huo hicho hakikuwa kitu kidogo. Nilikuwa nawasomea wateja karatasi ile kwa sauti, mstari kwa mstari, nikitafsiri, nikiwa nimesimama kama katekista. Vaa miwani. Funga vifungo vya shati. Usiondoe kava ya kinga. Usikandamize. Wateja walitikisa vichwa kwa heshima, wakaniachia plau zao, wakaenda zao sokoni.

Sasa niseme nilivyoifuata.

Brashi ya waya ina sura ya kikombe kilichosimikwa sindano. Unaifunga kwenye grinda, inazunguka, zile nyaya zinakula kutu. Brashi niliyopata dukani ilikuwa pana, imekaa sana mahali penye unyevu, na baadhi ya nyaya zilikuwa zimepinda kabla hata sijaitumia. Kwenye chuma chake palikuwa na namba, ndio mwendo wake wa mwisho. Kwenye grinda palikuwa na namba nyingine, na ya grinda ilikuwa kubwa kuliko ya brashi. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili. Niliziona zote mbili, nikajiambia kwamba namba ya brashi iliandikwa na watu waoga. Halafu brashi, kwa upana wake, ikagoma kuenea pamoja na kava. Nikafungua kava. Nikaitumia kuzuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo, na kwa kazi hiyo ilifaa sana.

Lakini mwenyewe nilijikinga! Nilivaa miwani ya kazi iliyobana pande zote, koti zito lililofungwa mpaka shingoni, viatu vya mpira mpaka magotini. Nilionekana kama mtu anayekwenda kurina asali. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja uliosema watu wengine wakae mbali, kwa sababu nyaya hukatika na kuruka. Mstari huo nilikuwa nausoma harakaharaka. Mimi sikuwa na watu wengine. Nilikuwa peke yangu na kuku.

Hapa lazima nieleze habari ya mama mkwe wangu.

Kwetu Usukumani mama mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani unaacha njia, unasimama kwenye majani, unageuka pembeni mpaka apite. Humpi mkono. Huli mbele yake. Mkiwa na la kuambiana, anatafutwa mtu wa katikati. Wa kwangu, mjane wa Sapiwi mwenye mdomo mwepesi, alikuwa na tatizo moja: alipenda kuja kumwona binti yake, na mara nyingi mtu wa katikati hakuwepo. Akatafuta njia. Alizungumza na kuku.

"We kuku," angesema akiwa nje ya ua, "mwambie mwenye mji huu kwamba paa lake linavuja, na mwanangu hakuzaliwa na mapezi."

Mimi nami, nikiwa nimeupa ukuta uso, ningemjibu kuku yule yule kwa adabu zote. Tuliishi hivyo miaka sita. Nilimjua kwa sauti, kwa miguu, na kwa pindo la khanga. Uso wake nilikuwa nimeuona siku ya harusi tu, tena kwa kuibia.

Siku ile mke wangu alikuwa msibani Mwamapalala. Ilikuwa asubuhi ya jua kali. Nilikuwa nimeegemeza plau kwenye gogo bila kuibana na kitu, jenereta inanguruma, grinda inalia, na mimi nakandamiza ili nimalize upesi. Mama mkwe alifika. Alipiga hodi, baadaye aliniambia kwamba alipiga hodi mara nyingi mpaka akaona aibu. Ningemsikiaje? Akaingia ndani ya ua, akasimama hatua kama nane kutoka kwangu, akingoja kelele ziishe.

Nikaona pindo la khanga kwa pembe ya jicho.

Mtu yeyote kutoka kwingine angezima mashine. Mimi nilifanya nilichofundishwa tangu utotoni: niligeuka nimpe mgongo. Niligeuka haraka, kwa heshima, mashine ikiwa bado inazunguka mikononi. Brashi ikanasa ncha ya plau. Grinda ikaruka kama samaki, plau ikaanguka, na brashi ikatema nyaya zake. Mpaka hapo zilikuwa zikirukia kwenye minyaa. Kwa kule kugeuka kwangu kwa adabu, nilizielekeza kwake.

Koti langu lilichomwa na nyaya kadhaa, hazikupita. Miwani yangu ikagongwa, ikabaki nzima. Nyuma yangu nikasikia, "Yoo!" Sauti fupi, kama ya mtu aliyekanyaga mwiba.

Nilizima mashine. Nikabaki nimeupa ukuta uso, nikasema kwa sauti ya kijinga kabisa, "We kuku, muulize mgeni kama kuna usalama."

Hakuna aliyenijibu.

Nikageuka. Nikamtazama. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama wima, kichwa amekiinamisha kidogo, mkono wa kulia unapanda taratibu kwenda usoni. Kwenye jicho lake la kulia, pale weupe unapokutana na weusi, palikuwa na waya umesimama. Ulikuwa mfupi kuliko ukucha. Uling'aa kwa jua.

"Mayu, usiguse!"

Nilimwita mama, moja kwa moja, kwa mdomo wangu, na nikamshika mkono. Sijui kama naweza kumweleza mtu asiye wa kwetu jinsi mkono ule ulivyokuwa. Hakuuvuta.

"Kuna kitu kinanichoma," akasema. "Ng'oa."

"Sing'oi."

"Ng'oa, mkwilima!" Mkwilima ni mkwe wa kiume. Hakuwahi kuniita hivyo ana kwa ana.

"Nikiuvuta waya, Mayu, jicho linaweza kutoka maji yote. Kaa. Kaa chini. Usifikiche. Usikaze macho."

Hilo sikulitoa kwenye karatasi ya grinda. Kinuni walitufundisha huduma ya kwanza, mafunzo ya siku moja, wengi wetu tulikwenda kwa ajili ya chai na maandazi. Nilikumbuka mambo mawili. Kilichoingia jichoni haking'olewi na mtu wa nyumbani. Na jicho moja likitembea la pili linalifuata, kwa hiyo unayafunika yote mawili.

Nikapiga kelele. Akaja jirani yangu, mama mmoja mwenye kifua kikubwa na mtoto wa kunyonya mgongoni, mtani wangu wa siku zote. Aliingia akicheka, maana alinikuta nimepiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Shemeji, umeposa tena?" Kisha akauona waya. Bila kupoteza muda, akaanza kufungua blauzi. "Mlaze. Nimkamulie maziwa. Jicho litasafika sasa hivi."

"Hapana."

"Hapana nini? Wote hapa tumetibiwa hivi."

"Hilo ni vumbi. Huu ni waya, umeingia ndani. Usimwekee kitu."

"Tangu lini karani akawa daktari? Umemtoboa jicho, halafu unamnyima dawa?"

Nilisema tu, "Nakuomba. Nakuomba, shemeji. Niletee kikombe cha kahawa." Nadhani ni sauti yangu iliyomfanya afunge blauzi. Alileta kikombe kidogo kisicho na mkono, tukakifunika juu ya jicho bila kugusa waya, ukingo ukakaa kwenye mfupa, tukakifunga kwa kitambaa. Jicho zima nalo tukalifunga. Tulipomaliza mama mkwe akasema, "Sasa mmenizika."

Tukampandisha kwenye baiskeli yangu. Mimi nikasukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mkono mwingine mgongoni kwake asianguke. Jirani akashika upande wa pili. Hivyo ndivyo nilivyoupita mji mzima wa Bariadi, mimi ambaye sokoni nilikuwa namtuma mke. Nilisahau kuvua miwani. Watu walisimama kuangalia.

"Jamani, mkwilima amembeba mkwe!" mwanamume mmoja akapaza sauti mbele ya duka. "Fungate wanakwenda wapi?"

Nikaona anavyokitazama kile kikombe. Akavua kofia.

"Mwambie mwenye baiskeli," mama mkwe akasema hewani, "apite taratibu, kuna mashimo." Kisha akakumbuka kwamba mkono wangu uko mgongoni kwake.

Hospitalini walituambia ukweli upesi: waya uko ndani, wa kuutoa yuko Maswa wiki hiyo, na atarudi lini hawajui. Gari lao lilikuwa limekwenda kwingine. Nje, upande wa pili wa barabara, lilikuwepo lori la mnunuzi mmoja wa pamba, limesheheni viroba vya mwisho vya msimu, linaelekea kinu cha Maswa. Nilikuwa nimeyalaani malori hayo mwaka mzima. Nilikwenda kwa dereva nikashika mlango wake kwa mikono miwili.

"Oya, mzee, sibebi abiria."

"Si abiria. Ni mkwe wangu. Nimemtoboa jicho."

Alinitazama mimi, miwani yangu, koti langu, na viatu vya mpira. "Wewe ndiye umemtoboa?"

"Mimi."

"Panda."

Tulimlaza juu ya viroba vya pamba. Jirani alibaki, mtoto alikuwa analia. Kwa hiyo tukawa wawili. Barabara ile ilikuwa ya mawimbi tupu, na kila lori liliporuka kichwa chake kiliruka, na kila kichwa kiliporuka niliona ule waya katika akili yangu ukizama. Nikakaa, nikakiweka kichwa chake mapajani mwangu, nikakibana kwa mikono miwili. Hakuna mwiko niliobakiza. Niligonga paa la dereva mpaka ngumi ikavimba. "Taratibu! Taratibu!" Akipunguza mwendo nilihisi tunachelewa. Akiongeza nilihisi ninamuua.

Baada ya muda akasema, kutoka chini ya kitambaa, "Ni kitu gani kile?"

"Waya wa brashi, Mayu. Unakatika, unaruka."

"Huwa unaruka?"

"Huwa."

"Ulijua?"

Ningeweza kudanganya. Hakuwa ananiona. "Nilijua. Iliandikwa kwenye karatasi."

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza."

Lori likaruka. Nikakaza mikono. "Ungeisoma kwa Kisukuma," akasema, "labda ungesikia." Nikadhani anacheka. Nilipoinama nikaona kitambaa kimelowa chini ya kikombe, na sikujua kama ni machozi au ni yale maji niliyoyaogopa. Niliomba. Sikuwa nimeomba kwa dhati tangu kipaimara.

"Wewe ulivaa kitu machoni?" akauliza tena.

"Nilivaa."

Hakuuliza kingine mpaka Maswa.

Tabibu wa macho alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye vidole vyembamba. Alifungua kitambaa akaangalia. "Nani alifunga kikombe hiki?"

"Mimi."

"Umefanya vizuri sana."

Nilitoka nje nikavua ile miwani.

Waya uliondolewa jioni ile. Macho yote mawili yakafungwa, tukaambiwa tungoje siku nne. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake siku hizo zote, nimevaa viatu vya mpira, na kila aliyepita aliuliza kama kuna mafuriko. Sikuwa na la kufanya ila kuirudia ile asubuhi, na kila nilipoirudia niliikuta nyepesi kuizuia. Ningeshindwa nini kulinganisha namba mbili? Brashi yenye namba ndogo kuliko ya mashine haifungwi, basi. Ningeikagua kwanza, nikaitupa ile yenye nyaya zilizopinda na kutu kwenye mizizi. Kava ingebaki mahali pake na ningetafuta brashi ndogo inayoenea. Ningeiwasha mpya dakika nzima bila kugusa kitu, imeelekezwa kusiko na mtu, iteme nyaya zake dhaifu kabla ya kazi. Ningeibana plau. Nisingekandamiza, maana ncha za nyaya ndizo zinazosafisha, ukikandamiza unazikunja tu mpaka zinakatika. Na ningefunga mlango wa ua kwa kamba, nikaning'iniza kitambaa chekundu, ili anayekuja asubiri nje hata akiwa nani. Miwani ningetundika miwili, mmoja wa mgeni. Na mtu akitokea, zima kwanza, subiri isimame kabisa, ndipo uwe na adabu. Nawaambia hivi mafundi wanaokuja kwangu siku hizi, na sisomi kwenye karatasi.

Mke wangu alifika siku ya tatu, vumbi la Mwamapalala na la Bariadi yote mwilini. Hakunisalimu. Alikaa mwisho wa benchi.

"Ataona?"

"Hawajasema."

"Nakuuliza wewe."

"Sijui, mke wangu."

Akaingia ndani kwa mama yake. Nikasikia wanazungumza Kisukuma kwa sauti ya chini, na kisha nikasikia mke wangu analia, na mama yake anamgombeza kwa kulia.

Asubuhi ya kufungua nilisogea mlangoni. Mama mkwe akasema nisiingie. Hakusema kwa hasira. Siku nne zile alikuwa amefungwa macho, na sasa anafunguliwa, haikufaa kitu cha kwanza kukiona kiwe mimi. Nikazunguka nje, nikasimama chini ya dirisha, mgongo ukutani. Lilikuwa dirisha la wavu tu. Nilisikia mkasi ukikata bandeji. Nilisikia tabibu akimwambia afunike lile jicho zima kwa kiganja.

"Vidole vingapi, mama?"

Nikasikia tabibu anasogea karibu.

"Vidole hivi. Vingapi?"

"Vidole sivioni."

Niliteremka ukutani mpaka nikakaa chini kwenye mchanga. Ndani nikasikia kiti kinasogezwa.

"Tuache vidole. Napitisha mkono mbele ya jicho. Niambie ukiona chochote."

Mbuzi wa mtu alikuwa anakula karatasi hatua mbili kutoka kwangu, nikatamani kumpiga jiwe kwa kelele za kutafuna.

"Kuna kitu kimepita," akasema mama mkwe.

"Kitu gani?"

"Kivuli. Kimetoka huku kimekwenda huku."

"Ni hicho tu?"

"Ni hicho." Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, si ya kuku wala ya mtu, akasema, "Pitisha tena."

Tabibu akapitisha.

"Kimepita. Pitisha tena."